Je, ni Kosa Kununua Miwani Yenye Jina la Kughushi?

Barabara ya lami ya kilomita 92 inaanzia Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, ikapita Arua na Koboko, ikaishia Oraba kwenye mpaka wa Sudani Kusini. Bidhaa za kila aina hupita humo, na miwani ni mojawapo. Mezani kwa wachuuzi utakuta fremu zilizoandikwa Ray-Ban, Gucci au Prada, kwa bei ambayo haiwezi kununua hata mkono mmoja wa fremu halisi. Muuzaji anajua kwamba ni feki. Mara nyingi mnunuzi naye anajua. Sheria ya Alama za Biashara ya Uganda ya mwaka 2010 inamkataza muuzaji kutumia alama ya kughushi. Lakini mimi nauliza kuhusu mnunuzi: je, anayenunua huku akijua anatenda kosa?

Kwanza tukubaliane kwamba kutafuta bei nafuu si kosa. Miwani ni chombo cha kazi kama jembe. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa Assam, India, kati ya wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi ambao hawakuona vizuri vitu vya karibu. Waliopewa miwani ya kawaida waliongeza mavuno yao kuliko wenzao wasiopewa, kwa tofauti ya takriban asilimia 22. Hakuna aliyeuliza fremu zao zilikuwa na jina gani. Kwa hiyo anayemlaumu maskini kwa kutonunua miwani ya bei kubwa hajafikiri vizuri.

Watetezi wa mnunuzi wana hoja mbili zenye uzito. Ya kwanza ni kwamba kampuni haipati hasara, kwa sababu mwalimu wa Koboko hangenunua fremu halisi hata siku moja. Ya pili ni kwamba majina yenyewe ni biashara. Tangu mwaka 1999 Ray-Ban ni mali ya kampuni ya Luxottica ya Italia, ambayo leo ni sehemu ya EssilorLuxottica, na kampuni hiyohiyo hutengeneza kwa leseni fremu za Prada na Chanel. Basi hata tajiri anayelipia jina la Prada anavaa kazi ya kiwanda kingine. Kama jina limekwisha kukodishwa, wanasema, kuna ubaya gani likiibwa?

Jibu langu kwa hoja ya pili ni fupi: aliyekodisha jina lake aliridhia, na aliyeibiwa hakuridhia. Kuhusu hoja ya kwanza, nakubali kwamba kampuni ya Italia haitalala njaa kwa ajili ya meza moja ya Arua. Lakini hatujauliza kama kuna mtu wa karibu anayeumia.

Yupo. Ni muuzaji wa meza ya pili, aliyeleta fremu imara zisizo na jina, akazitaja kwa bei yake na kwa ukweli. Wateja wanampita kwa sababu hana maandishi ya dhahabu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ila kibaya kikijitembeza kwa jina la kuazima, kizuri hakijiuzi tena. Mnunuzi anayejua ukweli anamlipa mwongo na kumwacha mkweli.

Mtu wa pili anayeumia ni mnunuzi mwenyewe. Tuchukue mfano wa fundi cherehani ambaye haoni tena tundu la sindano. Tuseme ana shilingi laki moja tu. Akitumia nyingi kwa fremu yenye jina, inabaki kidogo kwa kupimwa macho na kuwekewa lenzi zinazomfaa. Atapendeza mjini, na sindano bado itamchoma kidole. Miwani ya jua ina hatari yake pia. Kioo cheusi huifanya mboni ipanuke, na kama hakizuii mionzi mikali ya jua isiyoonekana, jicho linaweza kupokea mionzi mingi kuliko lingekuwa wazi. Jina lililoandikwa pembeni lilikuwa ahadi ya kinga, na ahadi hiyo hakuna atakayeitimiza.

Mtu atanijibu: “Ndugu yangu, hata maskini anapenda kupendeza.” Ni kweli, na silidharau jambo hilo. Kijana anayechekwa darasani kwa miwani mibaya ataivua, naye hatausoma ubao. Kwa hiyo uzuri wa fremu ni sehemu ya faida yake. Hata hivyo, umbo ni kitu kimoja na jina ni kingine. Umbo la miwani ya marubani lilianza kuuzwa kwa jina la Ray-Ban mwaka 1937, na leo viwanda vingi vinatengeneza miwani ya umbo hilo kwa majina yao vyenyewe. Anayevaa umbo hilo hadanganyi mtu. Anayevaa jina la kughushi anawaambia watu jambo asilolithubutu kulisema kwa mdomo wake.

Kwa hiyo naona kwamba aliyedanganywa hana kosa, kwani yeye ndiye aliyeibiwa. Anayenunua akijua ana kosa, ingawa ni dogo kuliko la muuzaji, na linakuwa kubwa zaidi akimwuzia au akimzawadia mwingine kama kitu halisi. Dawa yake haihitaji utajiri. Mnunuzi amwulize muuzaji mambo matatu: nani atanipima macho, lenzi hizi ni za namba gani, na fremu ikivunjika nani ataitengeneza? Asiyeweza kujibu hata moja hana miwani ya kuuza. Ana jina tu, nalo si lake.