Ahadi ya Amiri

Walimu wenzetu wa Busia na Tororo hawana haja ya kusimuliwa vita vya Uganda. Tutakalo kuuliza ni hili: je, kiongozi wa vita hufungwa na ahadi aliyompa adui yake?

Tarehe 17 Desemba 1985, mjini Nairobi, Jenerali Tito Okello, aliyetawala tangu mapinduzi ya Julai, na Yoweri Museveni wa jeshi la NRA walitia saini mkataba wa amani mbele ya Rais Daniel arap Moi. Mapigano yakome, Okello awe mwenyekiti wa Baraza la Kijeshi na Museveni makamu wake. Tarehe 26 Januari 1986 Kampala ilikwisha tekwa na NRA. Zilikuwa siku arobaini kamili, na Mswahili ajua arobaini husomewa nani.

Waliomtetea Museveni walisema askari wa serikali hawakuacha kuua na kupora, basi mkataba ulikuwa umekufa kabla ya kuvunjwa. Hoja hiyo ina uzito. Kiswahili, ambacho Waganda wengi walikiogopa kwa kukisikia vinywani mwa askari, chatukumbusha kuwa amri na amiri ni maneno ya shina moja. Okello alikuwa amiri asiye na amri: Kampala yenyewe iligawanywa mitaa mitaa baina ya vikosi vyenye silaha. Aliweka rehani mali isiyo yake.

Lakini mkopeshaji naye hakulijua hilo? Mazungumzo yalianza Agosti. Kwa miezi minne Museveni aliuona udhaifu wa mwenzake, kisha akashika kalamu. Udhaifu uliojulikana siku ya kutia saini hauwi udhuru siku ya kuvunja. Kwa maoni yetu, kilichoweza kumwondolea lawama ni damu ya raia peke yake, kwani raia ndio waliokuwa wenye deni hasa, ingawa hawakuitwa Nairobi.

Na raia wa mashariki walilipwa nini? Jeshi lililoshindwa lilirudi nyuma kwa njia ya Jinja na Tororo, na mwaka 1987 uasi mpya ukazuka huko. Desemba mwaka huo majeshi ya Kenya na Uganda, mpatanishi na mpatanishwa wa juzi, yakarushiana risasi papo hapo Busia, mpaka ukafungwa kati ya Msamia na nduguye.