Mkubwa Mpya na Desturi za Kazi

Hapa kwetu Makomeno, mjini Lubumbashi, ni habari chache zinazopita upesi kama hii: "Kazini wametuletea mkubwa mpya." Kabla hajakaa kitini, watu wamekwisha kumpima. Mmoja asema, "Sasa tutapona." Mwingine asema, "Sasa tumekwisha." Karani aliyezoea kuchelewa afika mapema juma zima. Kapita mwenye matusi aanza kuwaamkia watu kwa upole. Mwezi ukipita, ndipo twaona nani amerudia yake, na nani amejifunza mapya.

Leo twataka kuuliza: mkubwa akibadilika, tabia ya mahali pa kazi yabadilishwa na nani? Na yeye peke yake, au na sisi pia? Swali hili si dogo, maana yule asemaye, "Mkubwa ndiye aliyetaka," huenda anajitua mzigo ulio wake mwenyewe.

Tuanze na mambo ya kwetu. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Baadaye wazee wetu walipewa na kampuni nyumba, mposho, hospitali na shule za watoto, hata ikasemwa, "Kazi ndiyo baba, ndiyo mama." Tarehe 1 Januari 1967 Serikali iliitwaa mali ya kampuni hiyo katika nchi yetu, ikawa kampuni ya taifa, nayo baadaye ikaitwa Gécamines. Wakubwa walibadilika, na jina likabadilika. Lakini mposho uliendelea kutolewa, watoto waliendelea kusoma, na katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilikuwa ikitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka.

Hapa twajifunza jambo la kwanza: desturi haikai ofisini mwa mkubwa tu. Yakaa katika saa ya kufika kazini, katika namna fundi mzee amfundishavyo kijana, katika aibu ya mtu kuacha chombo kichafu. Kwa hiyo mkubwa aweza kwenda zake, na desturi njema ikabaki.

Lakini na desturi mbaya hubaki vilevile. Mtu aliyefundishwa kwamba kazi ni baba, huzoea kungoja baba aseme. Baba akiwa mwema, nyumba yapona. Akianza kutumia akiba ya nyumba, ni nani atakayemwuliza? Fedha nyingi za shaba zilichukuliwa na watawala, na mitambo haikufanywa upya kama ilivyopasa. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Kufika mwaka 1994 shaba iliyotolewa ilikuwa chini ya tani 40,000.

Kisha twakumbuka jambo zito zaidi. Mwaka 1992 na 1993 wakuu wapya wa mkoa wetu walisema hadharani kwamba watu wenye asili ya Kasai warudi kwao. Wengi wa watu hao walikuwa wa Gécamines na wa reli. Wengine walizaliwa hapa hapa, watoto wa wazee walioletwa na kazi yenyewe. Maelfu kwa maelfu walilala katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengi wakafa, watoto wadogo hasa.

Wakuu walifungua mlango. Hatia yao ni kubwa, wala hatuifuti. Lakini mkuu wa mkoa hakukikalia kiti cha karani aliyefukuzwa. Aliyekikalia alikuwa mwenziwe wa meza ya pili, aliyekula naye chumvi miaka mingi. Na yule aliyemficha jirani yake usiku, naye alikuwa mtu wa mji ule ule, chini ya wakuu wale wale. Bendera hufuata upepo, wasema wazee. Upepo ulikuwa mmoja. Lakini si wote waliokuwa bendera.

Basi, hilo ndilo tunalotaka kusema: mkubwa mpya huleta ruhusa, ya wema au ya ubaya, lakini anayeitumia ruhusa ile ni mimi na wewe.

Tusidhani kwamba haya ni ya migodi na reli tu. Marekani kuna kampuni ya Microsoft, itengenezayo programu za kompyuta. Hapo zamani kila mkubwa wa kikundi alipaswa kuwapanga watu wake kwa madaraja, na wengine lazima wawekwe chini, hata kama kikundi kizima ni hodari. Matokeo yake twayaelewa bila kufika huko: nikikusaidia, wewe utapanda, nami nitashuka. Novemba 2013 sheria hiyo ilifutwa, Steve Ballmer akiwa bado mkuu. Februari 2014 Satya Nadella alishika uongozi, akawahimiza watu wawe wenye kujifunza, wasiwe wenye kujiona wamejua yote. Wengi wausifu uongozi wake. Lakini mwaka huo huo, mwezi wa Julai, kampuni ilitangaza kwamba kazi hadi 18,000 zitaondolewa. Ndiyo kusema, mkubwa mpya si furaha kwa wote. Na tena, sheria yafutwa kwa siku moja. Hofu iliyomo moyoni haifutwi kwa siku moja. Yaondoka pole pole, kila mara mtu anapomsaidia mwenzake na kuona kwamba hakuadhibiwa.

Wakubwa nao wasikie. Gécamines iliongozwa na Billy Rautenbach tangu Novemba 1998. Mwaka 2000 akaondolewa. George Forrest aliwekwa mwaka 1999 kuwa mkuu wa baraza la uongozi. Mwaka 2001 akatoka. Wote wawili walikuwa na makampuni yao wenyewe katika madini. Hatukukaa hapa kuwahukumu. Twasema tu kwamba wakubwa wakipishana hivyo mlangoni, mtu wa kazi hujifunza kujifunga na mtu badala ya kujifunga na kazi, na kuvuna leo kabla upepo haujageuka. Mwaka 2003, watu zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoondoka kazini kwa malipo ya mwisho, wengi wao walikuwa wamengoja mishahara miezi mingi. Yule "baba" hakuweza tena kulea.

Mtu atatuuliza: "Mwenye njaa achague nini? Akimpinga mkubwa, watoto wake watakula nini?" Swali hili ni la haki, wala hatuna jibu rahisi. Hatusemi kwamba kila mmoja apigane na mkubwa wake. Lakini kuna tofauti kati ya kunyamaza kwa hofu na kushangilia. Kuna tofauti kati ya kushindwa kuzuia amri mbaya na kujipatia faida kwayo. Mtu asiyeweza kumwokoa mwenziwe aweza walau kukataa kiti chake. Tofauti hizi ni ndogo machoni pa watu, lakini dhamiri yazijua sana.

Na wewe uliyepewa ukubwa juzi, jua kwamba watu hawasikilizi sana hotuba yako ya kwanza. Watazama ni nani unayemsifu, na kosa gani unalipita kama hukuliona. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na kazi pia huleawa hivyo. Ukitaka kujua kama umeongoza vema, usitazame wanavyokwenda mbio ukiingia. Tazama wanavyofanya siku usiyokuwapo.

Nasi tulio chini, kesho tukisikia tena, "Wametuletea mkubwa mpya," tusiulize tu, "Je, huyu atatufanyia nini?" Tuulize pia, "Na mimi, akiniruhusu vibaya, nitafanya nini?" Yafaa kulijibu swali hilo mapema, kabla kiti cha mwenzetu hakijawa wazi mbele yetu.