Mzee Aliyepumzishwa

Kwenye miteremko ya Nkubu, Meru, alikuwako mzee aliyetimiza miaka 70 akiwa bado anapogoa kahawa yake mwenyewe na kupeleka mavuno kiwandani. Wanawe, wenye kazi zao Nairobi, wakaona aibu. "Baba, umetulea vya kutosha. Sasa kaa."

Wakaajiri kijana wa shamba, wakanunua sofa na televisheni. Kila mwisho wa mwezi M-Pesa ikaingia: mkate, sukari, chai ya maziwa. Githeri ikawa chakula cha dhiki, na meno nayo yalikuwa yamebaki machache. Jioni alitafuna miraa na wenzake. Miraa huua hamu ya kula, kwa hiyo sahani ya usiku ilirudi jikoni ilivyokuja.

"Mzee amenawiri," majirani walisema, kwa kuwa tumbo lilitokeza. Mapaja yaliyokonda ndani ya suruali hakuna aliyeyaona. Misuli huanza kupungua taratibu tangu miaka ya 30, na baada ya 60 kasi hiyo huongezeka. Mzee akilala kitandani siku 10 tu, nyama ya miguu hupungua kwa kiasi kinachopimika. Tena misuli si ya kubebea gunia pekee: ndiyo ghala kubwa la sukari itokayo kwenye mlo. Ghala likisinyaa, sukari hubaki kwenye damu. Mzee wetu akapatikana na kisukari. Mwaka uliofuata alianguka usiku akienda chooni, akavunjika nyonga.

Mkewe, mzaliwa wa Embu, hakuna aliyemwambia apumzike. Akina mama ndivyo tunavyowatendea, wala si haki. Aliendelea kukatia ng'ombe nyasi na kula ndengu alizoletewa kutoka Mbeere. Ndiye aliyemwinua mumewe kitandani.

Na bado hakuwa amechelewa. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha habari za wazee dhaifu wa miaka 90 hivi waliofanyishwa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu wiki 8. Nguvu zao ziliongezeka zaidi ya maradufu.

Basi ukirudi nyumbani Desemba, punguza sukari kwenye mzigo, ongeza mayai na maharagwe, na umwachie baba mistari michache ya kahawa. Mwombe ainuke kitini bila kujishikilia. Akishindwa, mpeleke kliniki kabla hujarudi mjini.