Jua, Mtoto, na Mpaka wa Hadhari

Katika darasa letu limeletwa suala ambalo baadhi ya waliohudhuria waliliona dogo hata wakatabasamu: mzazi anawajibika kwa kiasi gani kumkinga mwanawe na jua? Mmoja akajibu kwamba jua la Voi tumezaliwa nalo, watu wamekata mkonge chini yake mwaka baada ya mwaka, na hatukusikia aliyejipaka dawa. Maneno haya yana ukweli ndani yake, na kwa kuwa yana ukweli ndiyo maana haifai kuyaacha yapite bila ya kupambanuliwa.

Ama mtoto mwenye ngozi nyeusi, Mwenyezi Mungu amemjaalia kinga yake ndani ya ngozi yenyewe, nayo ni ile rangi ambayo wataalamu huiita melanini. Mtoto huyu ahitaji maji ya kunywa na kivuli cha adhuhuri. Mafuta ya kukinga jua si dharura kwake. Mwenye kumnunulia kwa bei ghali kwa kuwa amewaona watalii wakijipaka wakielekea mbuga ya Tsavo, huyo amefuata ada ya watu bila ya kuuliza sababu yake. Wageni wale wana sababu. Yeye hana.

Lakini wako miongoni mwetu watoto ambao hawakupewa kinga hiyo. Hao ni watoto wenye ualbino, ambao wengi wetu tungali tukiwaita kwa majina yasiyopendeza. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 9,729 wenye ualbino katika Kenya nzima. Kwao suala letu si dogo hata kidogo, kwani jua lile lile linalompa mwenzao jasho tu, wao huwapa malengelenge, kisha mabaka, kisha vidonda visivyopona, na mwisho wake huwa ni saratani ya ngozi. Wengi wanaofika kwa madaktari wa Afrika Mashariki na saratani hiyo ni vijana wa miaka 20 na 30, katika umri ambao mtu ndiyo kwanza aanza kuwafaa wazee wake.

Kabla ya kuendelea, yatupasa kuliondoa jambo moja njiani. Wako waume ambao, mtoto kama huyu akizaliwa, humtazama mama yake kwa jicho la tuhuma, na wengine huondoka kabisa. Hii ni dhuluma iliyojengwa juu ya ujinga. Ualbino hauji ila mtoto arithi asili yake kwa baba na kwa mama pamoja, ijapokuwa wao wenyewe ni weusi na hawana dalili yoyote. Wazazi wawili wenye asili hiyo, kila mimba yao ina fungu moja katika manne la kuzaliwa mtoto wa namna hii. Na sisi watu wa miji ya pwani, ambao twapenda kuoana binamu kwa binamu, tuna haki zaidi ya kulijua hili kuliko wengine, kwa kuwa waliotoka katika babu mmoja ni wepesi zaidi kukutana na asili moja. Basi anayetafuta wa kulaumiwa, aanze na kioo.

Turudi kwenye suala. Watu wengi hudhani kwamba kinachochoma ni joto, na kosa hili katika wilaya zetu lina madhara makubwa. Mzazi wa Voi, palipo na joto na vumbi, angalau hukumbushwa na jasho lake mwenyewe. Mzazi wa Wundanyi hakumbushwi na kitu: kuna baridi, kuna ukungu, mtoto amevaa sweta na masikio yako wazi. Ilhali miale inayodhuru si ile ya joto. Hiyo huzidi kadiri mtu anavyopanda juu, na mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa yake, hata kufikia asilimia 80. Mtoto wa milimani aweza kuungua siku ambayo mama yake anaota moto jikoni.

Sasa husemwa: lililoandikwa litakuwa. Msemaji wa maneno haya mara nyingi ni mtu ambaye hufunga duka lake kwa kufuli mbili, akamwajiri na mlinzi Mmasai wa kulala mlangoni. Hatujamsikia akisema hivyo juu ya duka. Kutawakali kunakuja baada ya kufunga, nalo halikuwekwa kwa ajili ya mali peke yake. Iwapo bati na sukari zastahiki kufuli mbili, seuze uso wa mtoto.

Na hapa ndipo ulipo uzito wa jambo hili, nao ni uzito wa namna ya peke yake. Mzazi akimnyima mtoto chakula, mtoto hulia usiku ule ule. Akimwacha juani bila ya kofia, jioni ngozi huwa nyekundu, kesho kutwa hupoa, na kila mtu husahau. Malipo huja baada ya miaka 20, na anayelipa siye aliyekopa. Mzazi hutia sahihi kwenye karatasi ya deni ambalo mwanawe atadaiwa yeye atakapokuwa mzee au hayupo. Kwa sababu hiyo hatuwezi kupima wajibu wetu kwa kilio cha mtoto, kwani mtoto hatalia. Bali yatubidi tuupime kwa tunayoyajua, na hali leo twayajua.

Wengine watasema: twayajua, lakini hatuna uwezo. Udhuru huu ni wa kweli na tusiudharau. Tufanye hesabu. Uso na shingo zataka kiasi cha kijiko cha chai, yaani mililita 5, na mafuta hupakwa tena kila baada ya saa mbili. Mara tatu kwa siku ni mililita 15. Chupa ya mililita 100 haimalizi wiki. Mzazi maskini, kwa huruma na kwa hofu ya kuishiwa, hupaka tone moja na kulisambaza mpaka lisionekane. Tone hilo halimkingi mtoto, ila humpa mama amani isiyo na msingi, akamruhusu akae juani muda mrefu zaidi. Ni afadhali ajue kwamba hana mafuta, amfunike.

Kwani nguo haiishi kwa wiki moja. Mikono mirefu, suruali ndefu, kofia yenye ukingo mpana, na kivuli: hivi ndivyo kinga ya kwanza, na mafuta hubaki kwa uso, midomo, masikio, shingo na migongo ya viganja. Mtoto mchanga asiyetimiza miezi sita yeye kivuli na nguo ndiyo dawa yake. Wasichana wetu husitirika vyema kwa mitandio yao. Wavulana ndio wanaoachwa, nasi twajidanganya kwamba wamevaa kofia, na kofia zetu zilizotiwa vito, pamoja na uzuri wake wote, hazina ukingo. Hufunika utosi, na masikio na kisogo hubaki kwa jua.

Tena msaada upo kwa mwenye kuufuata. Katika mwaka wa fedha wa 2011/2012 Serikali ya Kenya ilitenga shilingi milioni 100 kwa ajili ya mafuta haya na huduma za watu wenye ualbino, chini ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Lakini asiyemwandikisha mwanawe hahesabiwi, na wapo wasiowaandikisha kwa kuona haya. Ng'ambo ya mpaka wetu wa Taveta, mjini Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, wataalamu walifikia kutengeneza mafuta ya namna hii papo hapo kwa ajili ya watu wenye ualbino. Jambo lililowezekana upande huu wa Kilimanjaro au upande ule si la kuitwa anasa ya Wazungu.

Utasikia pia ndugu zake wakinung'unika nyumbani: mbona yeye hununuliwa kila mwezi na sisi hatununuliwi? Wazazi wengine huona haya, wakakata matumizi ya yule mmoja ili wote wawe sawa. Hii si insafu. Mwenye watoto wawili, mmoja mgonjwa wa homa, hawapi wote dawa wala hawanyimi wote. Wajibu ni kumpa kila mmoja kinachomtosha, na kuwaeleza wengine sababu kwa maneno ya wazi. Watoto hufahamu upesi kuliko tunavyodhani.

Bado pana upande wa pili, nao hutokana na mapenzi. Kuna mama ambaye, kwa kuogopa jua, amemfungia mwanawe ndani. Hamtumi dukani, hampeleki chuoni, na shule humpeleka siku za mawingu tu. Ngozi imesalimika, na mtoto amepotea. Macho ya watoto hawa huwa dhaifu, hivyo wahitaji kukaa mbele darasani, na mwenye kukosa nusu ya masomo hatakaa mbele popote. Tena mtu asiye na elimu ataishia kibarua cha shambani, juani kutwa nzima, mahali pale pale mama alipomkimbiza. Hadhari iliyovuka mpaka imemrudisha kwenye hatari.

Mwalimu ana sehemu yake. Asimvue mtoto kofia mstarini kwa hoja ya sare, wala asimsimamishe uwanjani saa sita kwa adhabu. Mzazi na aende akamwambie, na akifika umri wa kufahamu mtoto mwenyewe afundishwe kujipaka bila ya kuambiwa. Na mpira asinyimwe. Miale huwa mikali zaidi baina ya saa nne za asubuhi na saa kumi za alasiri; baada ya hapo jua la Voi huinamia upande wa milima ya Taita, na hadi kuchwa kwake, karibu na saa kumi na mbili u nusu, pana zaidi ya saa mbili za kucheza.