Mazoezi ya Mwili na Dhamiri ya Mtu

Mababu zetu walichoka kwa kulima na kutembea. Wengi wetu leo twachoka kwa kukaa. Karani hukaa ofisini tangu asubuhi hata jioni, dereva hukaa garini, mwanafunzi hukaa darasani, na wote wakirudi nyumbani hukaa tena. Si ajabu basi kwamba wengi walalamika kwa maumivu ya mgongo na shingo, na kwamba daktari huwaagiza wafanye mazoezi ya viungo. Katika miji mikubwa anayetafuta mazoezi ya upole huonyeshwa milango miwili: yoga na Pilates. Ndipo swali huzuka nyumbani: anayeanza aingie mlango upi? Mmoja husema yote ni mamoja. Mwingine husema mlango wa kwanza ni wa dini nyingine, na Mkristo akiuingia ameikana imani yake. Ndugu waweza kukoseana heshima kwa ajili ya jambo hili. Yafaa tulipime kwa utulivu, maana ndani ya swali hili dogo limo kubwa: je, mtu aweza kuutumia mwili wake bila kuihusisha roho yake?

Kwanza tuvijue vitu vyenyewe, kwa kuwa hukumu isiyo na maarifa ni dhuluma. Neno yoga ni la Kisanskriti, na shina lake lina maana ya kuunganisha, kama ng'ombe wafungwavyo nira moja. Kitabu cha kale kiitwacho Yoga Sutra, kinachohesabiwa kuwa cha Patanjali, chataja sehemu nane za njia hiyo. Mkao wa mwili ni sehemu ya tatu tu. Nyingine zahusu mwenendo mwema, pumzi, kuzitawala hisia, na kutafakari hata roho ipate kufunguliwa. Kwa asili yake, basi, yoga ni njia ya kiroho. Lakini mazoezi mengi yafundishwayo leo kwa jina hilo yalipata sura yake katika karne ya 20. Katika miaka ya 1930 mwalimu Krishnamacharya alifundisha katika jumba la mfalme wa Mysore, Bara Hindi. Mwanafunzi wake, B. K. S. Iyengar, alitoa mwaka 1966 kitabu kilichosomwa nchi nyingi, naye aliwafundisha wenye viungo vigumu kujisaidia kwa mikanda na vipande vya mbao.

Pilates ni jina la mtu, wala halimhusu Pontio Pilato. Joseph Pilates alizaliwa mwaka 1883 huko Mönchengladbach, Ujerumani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa Uingereza, akawekwa kizuizini kwa kuwa Mjerumani. Mwaka 1926 alihamia Marekani, na pamoja na mwenzake Clara alifungua mahali pa mazoezi mjini New York, ambapo wacheza ngoma za jukwaani walimwendea kutibu maumivu yao. Aliyaita mafundisho yake elimu ya kuutawala mwili, na mwaka 1945 alitoa kitabu chenye mazoezi 34 ya kufanywa mkekani. Alifariki mwaka 1967. Mazoezi yake hutia nguvu misuli ya tumbo, mgongo na nyonga kwa miendo ya taratibu iendayo na pumzi. Mengine hufanywa juu ya kitanda chenye springi, na hayo ni ya gharama. Ya mkekani hayahitaji zaidi ya mkeka.

Je, kwa afya lipi ni bora? Wataalamu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti za tiba na kuzipima, walitoa mwaka 1015 + 1000, yaani 2015, taarifa juu ya Pilates na maumivu ya muda mrefu ya kiuno, na mwaka 2017 nyingine juu ya yoga. Kwa ufupi, kila moja yaweza kumsaidia mgonjwa kwa kiasi kuliko kukaa bure, lakini hakuna iliyothibitishwa kuyashinda mazoezi mengine. Aliyekakamaa viungo huenda akapendezwa na yoga. Aliyelegea tumbo na mgongo, Pilates. Mwenye presha ya macho asisimame kichwa chini. Mwenye mifupa iliyopungua nguvu asiukunje mgongo kwa nguvu. Mama mjamzito amwulize kwanza daktari. Yaliyobaki ni ya mwalimu mwema na bidii ya mwanafunzi.

Ikiwa kwa tiba mizani karibu inalingana, dhamiri inayo nafasi ya kusema. Lakini dhamiri nayo yaweza kupotoka kwa njia mbili.

Upotovu wa kwanza ni kudhani kwamba mwili ni chombo tu, kama baiskeli, na kwamba lolote litendwalo nao halifiki rohoni. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kinyume: mtu si roho iliyopanga ndani ya mwili, bali roho na mwili ni mtu mmoja. Ndiyo maana twapiga magoti, twasimama, twainamisha kichwa. Magoti ya kila siku huufundisha moyo.

Upotovu wa pili ni kudhani kwamba umbo la mwili lina nguvu yake lenyewe, hata bila nia ya mtu. Aliyepiga magoti kutafuta shilingi chini ya kitanda hajasali. Aliyepiga magoti mbele ya altare amesali. Goti ni lile lile, ila nia na maana ni mbali mbali. Hali kadhalika, kunyosha mikono na kuukunja mgongo hakumfanyi mtu kuwa Mhindu, kama vile kuinama shambani hakumfanyi mkulima kuwa mwabudu ardhi.

Wakristo wa Korinto walikutana na jambo kama hili. Nyama iliyouzwa sokoni mara nyingi ilikuwa imetolewa kwanza sadaka kwa miungu. Waile au wasiile? Mtume Paulo hakuwapa neno moja la mkato. Aliwaambia kwamba sanamu si kitu na nyama ni nyama. Ya sokoni na waile pasipo kuulizauliza. Lakini aliwakataza kushiriki meza ya hekalu, maana hapo si chakula tena, ni ibada. Tena aliwaonya wenye maarifa wasimkwaze ndugu ambaye dhamiri yake ni dhaifu. Twaona kwamba kipimo hicho chatosha hata leo. Kunyosha viungo na kupumua kwa utaratibu ni nyama ya sokoni. Kuyaimba majina ya miungu kwa heshima na kuinama mbele ya sanamu zao ni meza ya hekalu. Mtu mzima aweza kutenganisha mambo hayo, mradi mwalimu asimfiche.

Kanisa limesema kwa kiasi kama hicho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la Oktoba 1965, ulifundisha kwamba Kanisa halikatai lililo kweli na takatifu katika dini nyingine, ukiutaja Uhindu kwa jina. Barua waliyoandikiwa maaskofu mwezi Oktoba 1989, yenye sahihi ya Kardinali Joseph Ratzinger, ilikubali kwamba njia za kutafakari za dini nyingine zaweza kumsaidia Mkristo kujitayarisha kwa sala. Ilionya vile vile asizidhanie raha na starehe za mwili kuwa ni faraja za Roho Mtakatifu.

Hapa hatuna budi kutaja haki ya jirani. Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wako Wahindu ambao familia zao zimeishi nasi vizazi vingi. Kuiita sala yao uchawi ni kosa dhidi ya ukweli na mapendo. Lakini kuwaambia kwamba yoga ni mazoezi ya misuli tu, wala hakuna zaidi, nako kwaweza kuwa dharau. Sisi tungejisikiaje kumwona mtu akivaa rozari kama pambo la shingo na kutuambia kuwa ni shanga tu? Anayechukua mkao bila sala akiri kwa heshima kwamba amechukua sehemu, wala si kitu kizima.

Wala wa mlango wa pili wasijione salama mno. Pilates haina miungu, lakini ukutani mara nyingi kuna kioo. Mtu aweza kuanza kwa kutibu mgongo, akaishia kuutumikia uzuri wake mwenyewe, akitoa fedha na saa ambazo watoto wake wanazihitaji. Sanamu isiyo na jina ni ngumu kuvunjwa kuliko yenye jina. Na sanamu hii huingia milango yote miwili.

Wengine watasema: mbona mtu asichague Pilates tu, yaishe? Hakika aweza. Yule ambaye moyo wake unamsuta akiwa kwenye yoga asiende, wala asione haya, kwa kuwa kutenda kinyume cha dhamiri ni dhambi hata kama jambo lenyewe si baya. Katekista ajuaye kwamba wanafunzi wake watafadhaika aweza kujinyima kwa ajili yao, na kujinyima huko ni tendo la upendo. Lakini achague kwa kuamua, si kwa kutishwa. Hofu isiyopimwa huifanya imani kuwa kitu cha kulindwa tu kama yai.

Basi anayeanza na aulize maswali matatu kabla ya kutandika mkeka. Mgongo na viungo vyangu vyahitaji nini, na daktari asemaje? Mwalimu huyu afundisha nini, naye yu tayari kunieleza waziwazi lipi ni zoezi na lipi ni sala? Na baada ya miezi michache, je, nitakuwa mpole zaidi nyumbani, mwepesi zaidi wa kazi na wa sala, au nitakuwa nimejipenda zaidi? Akiweza kuyajibu kwa unyofu, na aingie mlango aliouchagua kwa amani. Na jirani yake aliyeingia mwingine asimhukumu, maana mwili wa kila mmoja, uliokakamaa na ulionyooka, umeumbwa na Mungu yule yule.