Soko Likifungwa kwa Uhuni, Nani Aulizwe Kwanza?

Katikati ya mwaka 2021 mamlaka za Los Angeles zilizungushia uzio eneo moja la mtaa wa Lincoln Heights, na soko la usiku la Avenue 26 likawa limekwisha. Soko hilo halikuchorwa na mtu wa mipango miji. Lilianza kidogo kidogo kwa chakula cha Kimeksiko, korona ikaja ikawatoa watu makazini, na wahamiaji wengi wakatoka na meza zao kutafuta riziki. Wakazi wa jirani walilalamika: taka, kelele, magari yaliyoziba njia. Hawakuwa wakizusha. Mtu anayefungua mlango asubuhi akakuta uchafu kizingitini halazimiki kusikiliza hotuba juu ya riziki za wanyonge. Ninalouliza mimi ni jingine, nalo ni la haki kabla ya kuwa la usafi: soko likifungwa kwa uvunjaji wa sheria, na sheria yenyewe ilikuwa ikimshika huyu na kumwacha yule, nani aulizwe kwanza? Nasema aulizwe mwenye rungu kabla ya mwenye meza.

Tuanze na sheria zenyewe. Mwaka 2018 bunge la California liliuondolea uchuuzi wa barabarani sura ya jinai. Miji iliruhusiwa kuuwekea utaratibu, si kumgeuza muuzaji mhalifu. Habari njema, kwenye karatasi. Muuza chakula bado alihitaji kibali cha afya, na masharti yake yalifaa zaidi magari makubwa ya chakula kuliko mkokoteni: sinki zaidi ya moja, matangi ya maji safi na machafu, vifaa vilivyoidhinishwa. Mkokoteni wa kutimiza yote hayo ulikuwa ghali na mzito, na waliofanikiwa kupata kibali walikuwa wachache mno. Mwaka 2022 bunge hilohilo likayalegeza masharti, kwa hiyo shida haikuwa ukaidi wa wauzaji peke yake. Sasa, mahali ambapo karibu kila mtu anavunja sheria kwa sababu haitimiziki, sheria huhama kitabuni ikaenda kukaa machoni mwa ofisa. Yeye ndiye anayeamua leo ni zamu ya nani. Mwanafalsafa Lon Fuller, katika The Morality of Law ya mwaka 1964, alitaja njia nane ambazo mtawala anaweza kushindwa kutunga sheria; miongoni mwake ni kudai lisilowezekana, na kutekeleza kinyume cha kilichotangazwa. Kwake, kushindwa huko kukikomaa hakuzai sheria mbaya, bali kitu kisichostahili kuitwa sheria.

Na anayeumia kwanza ni mtiifu. Weka meza mbili za mishkaki kando ya barabara yoyote, huko au Dar es Salaam. Mwenye meza ya kwanza amelipa ushuru, ana kizima moto, mtungi wake wa gesi uko mbali na jiko, na mafuta yaliyokwisha kutumika anayabeba kwenye dumu. Wa pili hana kimojawapo. Mafuta anayamwaga mtaroni, na mgambo akipita anakula mishkaki miwili na soda, anaaga. Bei ya wa pili itakuwa chini kila siku. Punde wa kwanza atabaki na mawili: aondoke, au afanane na jirani yake. Hivyo ndivyo uhuni wa soko unavyotengenezwa, meza baada ya meza, na fundi wake mkuu amevaa sare. Mapokeo ya Kiislamu yaliliona hili zamani. Alipoiba mwanamke wa ukoo wa Makhzum, jamaa zake walimtuma Usama bin Zaid akamwombee kwa Mtume. Mtume alikasirika, akaeleza kwamba waliotangulia waliangamia kwa kumwacha mtukufu aliyeiba na kumwadhibu mnyonge, na kwamba hata binti yake Fatima asingesalimika. Wahubiri wengi huisimulia kwa ajili ya ukali wa adhabu. Lakini wizi haukutajwa pale kuwa ndio ulioangamiza umma. Kilichotajwa ni upendeleo.

Nitaambiwa kwamba kosa la mwenzio halifuti lako, na mwizi aliyekamatwa hawezi kujitetea kwa wezi waliotoroka. Ni kweli, wakiwa wametoroka. Aliyetoroka na aliyeachiwa ni watu wawili tofauti. Miaka ya 1880 San Francisco ilidai kibali kwa dobi yeyote anayefulia kwenye jengo la mbao. Hatari ya moto haikuwa ya kubuni, na maneno ya sheria hayakumtaja mtu wa taifa lolote. Ila maombi ya Wachina wapatao 200 yalikataliwa, na ya wasio Wachina yakakubaliwa takriban yote. Mwaka 1886 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Yick Wo, iliamuru waliofungwa waachiwe. Kuvunja sheria walikuwa wameivunja. Aliyepoteza haki ya kuwaadhibu ni mji.

Wapo pia wanaosema kufunga soko zima ndio usawa wenyewe, maana samaki mmoja akioza wote wameoza. Methali hiyo ni nzuri kwa mwenye tenga, si kwa hakimu. Isitoshe, uzio mmoja hauwaumizi wote sawasawa: mwenye mtaji atapanga fremu mtaa wa pili, na aliyelipa ushuru wa meza atabaki na stakabadhi. Sisi tumeyaona. Desemba 2018 wachuuzi wa Tanzania walianza kuuziwa vitambulisho kwa Sh 20,000, pamoja na agizo la Rais kwamba mwenye nacho asibughudhiwe. Mwaka 2021 wakaamriwa kuondoka kandokando ya barabara. Miji inahitaji njia za waenda kwa miguu, sibishani na hilo. Nabisha kwamba aliyenunua kitambulisho na aliyekikwepa walibebewa meza zao vilevile.

Na ikidaiwa kwamba askari ni wachache, hawawezi kumfikia kila mtu, basi uchache huo uanze kutumika kwa mkubwa: anayekodisha jenereta, anayepangisha nafasi za barabara isiyo yake, anayejulikana kwa jina kituoni. Kabla ya uzio, mamlaka iweke hadharani kitabu cha faini cha soko hilo: nani aliandikwa, lini, kwa kosa gani. Majina yakiwa ya wauza mahindi watupu, mama lishe aliyetimiza masharti yote ana madai halali mbele ya halmashauri: arudishiwe ushuru wake, na siku soko litakapofunguliwa tena awe wa kwanza kupangiwa meza.