Sisi Tulikosa Nini?

Mwaka unapokaribia kwisha, nyumba nyingi za wachungaji hukaa na wasiwasi. Watoto huuliza kama Januari watarudi shule ileile. Mama husita kupanda mihogo nyuma ya nyumba, maana hajui ni nani atakayeichimba. Wanasubiri barua. Ikija huwa fupi: Halmashauri Kuu imekaa, imeomba, imekupangia usharika fulani, unatakiwa kuripoti tarehe fulani. Chini pana saini na muhuri.

Sisi washarika huiona barua hiyo kwa upande wetu. Tukimpenda mchungaji tunalia. Tukimchoka tunashukuru Mungu. Ni mara chache tunajiuliza swali lililo chini yake: kanisa lina haki gani ya kumwambia mtu mzima, mwenye mke na watoto, “Nenda kule”? Na likishasema hivyo, linadaiwa nini?

Haki hiyo ipo, na si vema kuidharau. Kama kila mtumishi angejichagulia kituo, wengi wetu tungechagua penye lami, umeme na shule nzuri. Usharika wa mlimani, ambao mvua zikianza gari halifiki, ungekaa miaka bila mchungaji. Wakristo wa kule ni viungo vya mwili uleule. Lazima pawepo mtu au kikao chenye mamlaka ya kuangalia shamba lote, si kona moja tu, na mtumishi anayetii mamlaka hiyo hajapungukiwa utu wake.

Lakini tuangalie jinsi kanisa la kwanza lilivyotumia mamlaka hiyo. Matendo ya Mitume sura ya 13 inatuonyesha kanisa la Antiokia. Walikuwa na manabii na walimu, na miongoni mwao walikuwepo Barnaba na Sauli. Walifunga, wakaomba, wakasikia kwamba hao wawili watengwe kwa kazi. Antiokia haikuwatuma watu iliotaka kuwaondoa. Ilitoa walimu wake wenyewe, watu ambao pengo lao lingeonekana Jumapili iliyofuata.

Ndugu zetu Wamoraviani, ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, wana historia nyingine ya kutufundisha. Katika karne ya 18, kule Herrnhut, Ujerumani, waliamua mambo mengi mazito kwa kupiga kura mbele za Bwana, yakiwemo mambo ya nani atumwe wapi. Waliamini kwamba jibu la kura ni jibu la Bwana mwenyewe. Katika karne ya 19 desturi hiyo ilipunguzwa, na hatimaye ikaachwa. Kura ilikuwa na wema wake: haina ndugu, haipigiwi simu usiku, haikumbuki nani alipinga hoja kikaoni. Ubaya wake ni kwamba haiwezi kuulizwa sababu. Sisi leo tunatumia vikao. Basi tusijifiche nyuma ya Roho Mtakatifu kana kwamba bado tunapiga kura. Uamuzi wa watu wanaofikiri una sababu, na anayehusika anastahili kuelezwa sababu hiyo kabla barua haijapigwa muhuri.

Tena hatuwapangi wachungaji peke yao. Wapo walimu wa shule zetu na watumishi wa hospitali zetu, na hao hawakuahidi jambo lilelile. Mchungaji, siku ya kubarikiwa kwake, alisimama mbele ya madhabahu na kukubali kutumwa. Mwalimu na muuguzi walisaini mkataba. Baada ya serikali kutwaa shule nyingi za misheni mwaka 1969, upangaji wa walimu wa shule hizo haukuwa tena mikononi mwa makanisa. Leo, kwa shule tulizojenga baadaye, tumekuwa waajiri tena. Katika hospitali zetu wapo watumishi wanaolipwa na serikali wakifanya kazi pamoja na wale wanaolipwa na kanisa, jambo lililoimarishwa na makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa. Wodi ni moja na zamu ni moja, lakini mshahara na barua ya uhamisho vinatoka ofisi mbili. Muuguzi wa kanisa akiona mwenzake analipwa kwa wakati naye anasubiri, tusimjibu kwa neno “wito.” Wito ni kati yake na Mungu. Sisi tusiutumie kulipia mshahara tuliouchelewesha. Na tukumbuke mgonjwa pia: ukimhamisha mtoa dawa ya usingizi aliye peke yake, umefunga chumba cha upasuaji, hata kama kwenye karatasi umehamisha mtu mmoja tu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua zaidi, maana nilishiriki mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kikao kilichopanga watumishi. Lilikuja jina la mchungaji aliyegombana na wazee wake. Kulikuwa na maneno kuhusu fedha na kuhusu ulevi, lakini hakuna aliyetaka kuyachunguza, maana uchunguzi huleta aibu. Mmoja wetu akataja usharika ulio mbali kuliko yote. Watu wakacheka kidogo. Nikainua mkono pamoja na wengine, tukaenda kula chakula cha mchana.

Mwaka uliofuata nilipelekwa kule kwa shughuli nyingine. Nilikuta nyumba ya mchungaji imefungwa. Alikuwa ameondoka tangu wiki mbili na hakuna aliyejua angerudi lini. Mzee wa kanisa alinikaribisha uji. Hakulalamika. Alipomaliza kunihudumia aliniuliza kwa upole, “Baba, mlipotuletea yule, sisi tulikosa nini?”

Sikuwa na jibu. Tulidhani tumemwadhibu mtu mmoja, kumbe tuliwaadhibu Wakristo ambao kosa lao lilikuwa kukaa mbali na ofisi. Naye mchungaji hatukumsaidia. Mtu anayeyumba anahitaji kuwa karibu na mwenzake aliye imara. Sisi tulimpeleka mahali ambapo hapakuwa na wa kumshika mkono. Marko alipowaacha Paulo na Barnaba njiani, Paulo hakutaka kwenda naye tena. Barnaba hakumtupa mbali. Alimchukua, wakasafiri pamoja. Baadaye Paulo mwenyewe alimwita Marko mtu wa kufaa. Kama Barnaba angekaa kwenye kikao chetu, sidhani kama angecheka.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tunaoinua mikono tunauona uhamisho kuwa mwepesi, maana si sisi tunaofunga vyombo. Ndiyo sababu naamini njia ya haki ya kuupima upangaji wa watumishi ni kuutazama kutoka usharika wa mwisho barabarani. Je, tungethubutu kusimama mbele ya Wakristo wale na kuwaeleza kwa nini tumewaletea huyu? Kama hatuthubutu, tusisaini. Kosa la nidhamu lishughulikiwe kwa utaratibu wa nidhamu, kwa ukweli na kwa huruma. Umbali usiwe hukumu. Anayekwenda mbali aambiwe muda wake, na muda huo ukiisha akumbukwe, wengine nao wapokee zamu. Mke wake aliye mwalimu wa serikali aulizwe mapema, maana uhamisho wake unapitia ofisi nyingine, na ndoa nyingi zimeishi mikoa miwili kwa sababu hakuna aliyeuliza. Na mara kwa mara tuwatoe wale tunaowahitaji hapa, kama Antiokia.

Hapo na sisi washarika wa mjini tuna sehemu yetu. Tunaandika barua kwa Askofu kumzuia mchungaji mzuri asiondoke, na barua nyingine kumwomba mbaya aondolewe, bila kuuliza anakwenda kwa nani. Mchungaji mwema tuliye naye alitolewa mahali, na huenda kuna watu walimlilia. Siku yake ya kuondoka ikifika, tumsindikize kwa nauli na kwa maombi, na pale anapokwenda tupaandikie kwamba tumewapa mtu tunayempenda.

Sikumjibu yule mzee siku ile. Nilimaliza uji, nikaomba naye, nikaondoka. Niliporudi niliomba msamaha kikaoni, na safari hii hakuna aliyecheka. Mwaka uliofuata tulimtuma kule mchungaji ambaye kila usharika ulikuwa ukimwomba. Alikwenda akijua sababu, na akijua ni kwa miaka mingapi. Sijui kama hilo linatosha kuwa jibu, lakini naamini yule mzee alilielewa.